Kiti cha Jaji Mkuu: Kutoka Amri ya Mfalme ya 1920 hadi Ibara ya 118

Na Mwandishi Wetu

Juni 2025, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alimteua Mheshimiwa George Mcheche Masaju kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, kuchukua nafasi ya Mheshimiwa Profesa Ibrahim Hamis Juma aliyestaafu. Taarifa za uteuzi wa namna hii huwa fupi: jina, wadhifa, na tarehe ya kuapishwa. Msomaji hufahamu nani ameingia na nani ametoka. Asichokipata humo ni historia ya kiti chenyewe, na hasa mambo mawili yanayomhusu yeye moja kwa moja: ni kesi za nani ziliweza kufika mbele ya Jaji Mkuu, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumwondoa Jaji Mkuu asiyempendeza. Majibu ya maswali hayo yamebadilika sana katika kipindi cha zaidi ya miaka 100, na mojawapo bado linazungumzwa.

Mahakama Kuu ya Tanganyika iliundwa kwa Amri ya Mfalme wa Uingereza katika Baraza ya tarehe 22 Julai 1920, ikaanza kazi mwaka uliofuata. Kwa lugha ya kisheria Tanganyika haikuwa koloni kamili. Ilikuwa nchi iliyochukuliwa kutoka kwa Wajerumani na kuwekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, Uingereza ikiwa msimamizi. Tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa wanadiplomasia wa Geneva. Kwa mkulima wa Usukuma au mvuvi wa Kilwa aliyetaka haki yake haikuwa na maana yoyote, kwa sababu mashine ya utoaji haki iliyoletwa ilikuwa ileile iliyotumika Kenya, Uganda na Nyasaland: Mahakama Kuu moja iliyoongozwa na Jaji Mkuu, na chini yake mahakama ndogo ambazo mahakimu wake wengi walikuwa maofisa wa utawala.

Amri hiyo ilifanya jambo jingine ambalo wanasheria wetu wanaishi nalo hadi sasa. Iliagiza kwamba Mahakama Kuu itumie sheria za mazoea za Kiingereza, kanuni za usawa, na sheria za Bunge la Uingereza zenye matumizi ya jumla zilizokuwa zikifanya kazi siku ileile, 22 Julai 1920. Pamoja na hizo zilikuja sheria kadhaa zilizotungwa kwa ajili ya India, ikiwemo Kanuni ya Adhabu iliyotumika hapa hadi ilipotungwa ya Tanganyika mwaka 1930. Tarehe ya 22 Julai 1920 haikufutwa na Uhuru. Imo katika Sura ya 358 ya sheria zetu, na wakili anayejenga hoja juu ya jambo ambalo Bunge letu halijalitungia sheria bado anaweza kulazimika kurudi kwenye siku hiyo.

Aliyekalia kiti kwanza ni Sir William Morris Carter. Hakuwa mgeni Afrika Mashariki, kwani alikuwa Jaji Mkuu wa Uganda tangu 1912. Alikaa Dar es Salaam hadi 1924. Miaka minane baadaye aliongoza Tume ya Ardhi ya Kenya, ambayo wananchi wa huko waliizoea kwa jina lake, na ripoti yake ya 1934 ikawa msingi wa kuweka mipaka ya maeneo ya nyanda za juu yaliyotengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Malalamiko yaliyotokana na mipaka hiyo yanafahamika vizuri katika historia ya jirani zetu.

Safari ya Carter inaonyesha namna kiti hiki kilivyochukuliwa wakati huo. Kilikuwa kituo katika ngazi ya utumishi. Sir Joseph Sheridan alikuwa Jaji Mkuu wa Tanganyika kuanzia 1929, na mwaka 1934 akahamishiwa Kenya kushika wadhifa uleule. Aliyempokea, Sir Sidney Abrahams, alitoka Uganda, akakaa miaka miwili, kisha akaenda kuwa Jaji Mkuu wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. (Abrahams alikuwa pia mwanariadha wa kuruka chini aliyeshiriki Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, mdogo wake, Harold, ndiye aliyeshinda mbio za mita 100 mjini Paris mwaka 1924.) Mwaka 1933 Wizara ya Makoloni iliwaweka majaji na wanasheria wa serikali katika utumishi mmoja wa kisheria wa makoloni. Mtu aliweza kuwa Mwanasheria Mkuu katika nchi moja leo, na Jaji Mkuu katika nchi nyingine kesho, huku barua ya kumpandisha cheo ikitoka katika ofisi ileile ya London.

Ni vigumu kuona jinsi jaji wa namna hiyo angeweza kumfahamu aliyesimama kizimbani mbele yake. Lugha ya Mahakama Kuu ilikuwa Kiingereza. Maneno ya mshtakiwa yalipita kwa mkalimani, na wakati mwingine kwa wakalimani wawili, kutoka lugha ya kabila kwenda Kiswahili, na kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Wazee wa baraza walikaa na jaji katika kesi za jinai na kutoa maoni yao, lakini jaji hakufungwa nayo.

Suala la kuondolewa lilikuwa na jibu fupi. Nchini Uingereza kwenyewe, tangu Sheria ya Urithi wa Ufalme ya 1701, jaji wa mahakama za juu alishika madaraka maadamu mwenendo wake ni mwema, na hakuweza kuondolewa isipokuwa kwa ombi la Mabunge yote mawili. Kinga hiyo haikuvuka bahari. Jaji wa koloni alishika kazi kwa ridhaa ya Mfalme, na ridhaa hiyo ilisemwa na waziri. Jambo hili lilithibitishwa waziwazi na Mahakama Kuu ya Uingereza mwaka 1953 katika shauri la Terrell. Huyu alikuwa jaji katika makoloni ya Malaya tangu 1930. Wajapani walipoyateka mwaka 1942, Wizara ya Makoloni ilimstaafisha kabla ya umri wake, kwa kuwa mahakama aliyoitumikia haikuwepo tena mikononi mwa Waingereza. Alidai mshahara wa muda uliobaki. Jaji Mkuu wa Uingereza, Lord Goddard, alikataa dai lake na kusema kwamba sheria ya 1701 haikumkinga jaji wa koloni.

Uamuzi huo ulitolewa miaka minane tu kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Maana yake ni kwamba majaji wote waliokalia kiti cha Dar es Salaam tangu Carter walifanya kazi bila kinga ambayo wenzao wa London waliiona kuwa ndiyo roho ya kazi ya jaji. Haifuati kwamba wote walikuwa vibaraka wa Gavana. Kumbukumbu za mahakama za makoloni zina hukumu nyingi zilizoipinga serikali. Lakini uthabiti wa jaji ulitegemea tabia yake binafsi, na mwananchi hawezi kujenga maisha yake juu ya tabia ya mtu asiyemjua.

Hata hivyo, kwa Watanganyika wengi ridhaa ya Mfalme haikuwa tatizo la kwanza, kwa sababu ya jambo zito zaidi: hawakuweza kumfikia Jaji Mkuu kabisa.

Gavana Sir Donald Cameron alifika mwaka 1925 akiwa na mpango wa kutawala kupitia machifu. Katika mpango huo chifu alikuwa mtoza kodi, msimamizi wa amri, na hakimu. Swali likawa: mtu asiyeridhika na hukumu ya chifu apeleke wapi rufaa yake? Wanasheria walitaka njia iishie Mahakama Kuu. Cameron aliona kwamba majaji, kwa kanuni zao za ushahidi na utaratibu, wangevunja mamlaka ya machifu aliokuwa akiwajenga. Upande wa Gavana ulishinda. Kwa Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929, mahakama za machifu ziliondolewa chini ya usimamizi wa Mahakama Kuu. Rufaa ilitoka kwa chifu kwenda kwa ofisa wa wilaya, kutoka hapo kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana.

Inafaa kusimama kidogo hapa, maana huu ndio moyo wa historia ya kiti hiki. Mtu aliyenyang'anywa shamba, aliyetozwa faini kwa kutolima zao lililoamriwa, au aliyegombania mahari na watoto, alianza na kuishia kwa watu walewale waliomtawala. Aliyemkusanyia kodi ndiye aliyemhukumu, na aliyemsimamia mkusanya kodi ndiye aliyesikiliza rufaa. Jaji Mkuu alikuwepo Dar es Salaam, akiwa amevaa joho na wigi, akisikiliza kesi za mauaji, madai ya wafanyabiashara na migogoro ya Wazungu na Waasia. Sehemu kubwa kabisa ya migogoro ya nchi ilipita pembeni yake. Kisheria alikuwa mkuu wa utoaji haki Tanganyika. Kwa hali halisi alikuwa mkuu wa haki ya wachache.

Serikali ya Uingereza haikuwa gizani kuhusu hilo. Mwaka 1933 iliunda tume iliyoongozwa na Grattan Bushe, mshauri wa sheria wa Wizara ya Makoloni, kuchunguza uendeshaji wa kesi za jinai Kenya, Uganda na Tanganyika. Tume ilitaka nafasi ya mahakama zenye wanasheria ipanuliwe na ya maofisa wa utawala ipungue. Magavana walipinga, na mengi ya mapendekezo yakabaki kwenye karatasi. Mabadiliko ya mwaka 1951, yaliyozipa mahakama hizo jina jipya la mahakama za mitaa, yalirekebisha baadhi ya taratibu bila kubomoa ukuta wenyewe.

Ukuta ulibomolewa na Tanganyika huru. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa, na mwaka huohuo Bunge likatunga Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1964. Mahakama za Mwanzo, za Wilaya na Mahakama Kuu zikawekwa katika mnyororo mmoja. Kwa mara ya kwanza shauri lililoanzia kijijini, chini ya sheria za kimila, liliweza kupanda hadi kwa majaji wa Mahakama Kuu. Katika orodha ya mambo yaliyofanywa na Serikali ya awamu ya kwanza hili halitajwi mara nyingi, pengine kwa sababu halikuwa na sherehe wala jiwe la msingi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, liligusa maisha ya watu wengi kuliko mabadiliko mengine yoyote ya kimahakama ya muongo huo.

Aliyekuwa Jaji Mkuu wakati hayo yanafanyika alikuwa bado Mwingereza, Sir Ralph Windham, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar kabla ya kuja Tanganyika mwaka 1960. Alikuwa mtu aliyeona mengi: Januari 1947, akiwa jaji Palestina, alitekwa na wapiganaji wa Kiyahudi akiwa katika mahakama yake mjini Tel Aviv, kisha akaachiliwa. Alikalia kiti wakati wa Uhuru wa 1961, wakati wa kuundwa kwa Jamhuri mwaka 1962, na wakati wa Muungano mwaka 1964, akaondoka mwaka 1965.

Nafasi yake haikuchukuliwa na Mtanzania. Chini ya ukoloni hapakuwa na chuo cha sheria nchini. Kitivo cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka uleule wa Uhuru, na jaji hapatikani kwa miaka minne ya masomo. Serikali ilimwita Philip Telford Georges, mzaliwa wa Dominica aliyekuwa jaji Trinidad. Georges aliongoza Mahakama hadi 1971, na baadaye akawa Jaji Mkuu wa Zimbabwe na wa Bahamas. Alipoondoka, kiti kilikaliwa na Augustine Saidi, Mtanzania wa kwanza. Tangu Amri ya Mfalme hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka 51.

Kimo cha kiti nacho kilibadilika. Enzi za ukoloni, Jaji Mkuu wa Tanganyika hakuwa na neno la mwisho. Juu yake kulikuwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na juu ya hiyo Baraza la Faragha la Mfalme huko London. Njia ya London ilifungwa Tanganyika ilipokuwa Jamhuri. Ile ya Afrika Mashariki ilikoma pale Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Miaka miwili baadaye, mwaka 1979, ilianzishwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Jaji Mkuu akiwa kiongozi wake, na Mahakama Kuu ikakabidhiwa kwa Jaji Kiongozi. Zanzibar iliendelea kuwa na Mahakama Kuu yake na Jaji Mkuu wake, huku Mahakama ya Rufani ikihudumia pande zote mbili za Muungano. Hivyo wadhifa alioapa kuutumikia Mheshimiwa Masaju si uleule wa Carter uliobadilishwa jina tu. Umepanda ngazi moja kamili.

Aliyekuwepo wakati huo ni Francis Nyalali, Jaji Mkuu kuanzia 1977 hadi 2000, muda mrefu kuliko mwingine yeyote. Katika kipindi chake Haki za Binadamu ziliingizwa ndani ya Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kupokea mashauri juu yake mwaka 1988. Tume aliyoiongoza kuhusu mfumo wa vyama ilitaja sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa, mojawapo ikiwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962, iliyokuwa imefunga mlango wa mahakama kwa mtu aliyewekwa ndani kwa amri ya Rais. Fundisho la sheria hiyo ni kwamba mnyororo wa rufaa unaweza kuwa mzima na bado mtu akabaki nje, endapo Bunge litaandika kwamba shauri la aina fulani halitasikilizwa.

Umbali wa leo ni wa aina nyingine: wa kilomita, wa gharama na wa lugha. Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki vilivyofunguliwa mwaka 2021 katika miji kama Arusha, Mwanza, Dodoma na Morogoro vimeweka ngazi mbalimbali za mahakama chini ya paa moja, na mahakama zinazotembea kwa magari zimefika pasipo na jengo. Kuhusu lugha, Siku ya Sheria ya Februari 2021, iliyoadhimisha miaka 100 ya Mahakama Kuu, Rais wa wakati huo, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani baada ya kumsifu hadharani kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Bunge likafanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapokihitaji. Ni kazi isiyokwisha kwa siku moja, maana hukumu za karne nzima zinazonukuliwa mahakamani zimeandikwa kwa Kiingereza.

Na yule anayeweza kumwondoa? Katiba ya Uhuru iliingiza kinga ambayo shauri la Terrell liliikana: jaji haondolewi ila baada ya uchunguzi wa tume ya majaji. Kinga hiyo imedumu. Kwa Katiba ya sasa, tume ya kumchunguza jaji inatakiwa kuwa na wajumbe wasiopungua watatu, na angalau nusu yao wawe majaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Mishahara ya majaji hulipwa kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, na Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya 2011 ilianzisha Mfuko wa Mahakama. Mahakimu, ambao zamani waliteuliwa na Gavana, sasa huajiriwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama ambayo Jaji Mkuu ndiye mwenyekiti wake.

Linalobaki kujadiliwa ni mwanzo na mwisho wa utumishi wa Jaji Mkuu mwenyewe. Majaji wa Rufani huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Jaji Mkuu huteuliwa na Rais kutoka miongoni mwa wenye sifa za kuwa Majaji wa Rufani, na hapo mashauriano ya aina hiyo hayakuwekwa kuwa sharti. Kuhusu mwisho, umri wa kustaafu ni miaka 65, lakini Ibara ya 120 inamruhusu Rais, kwa manufaa ya umma na kwa ridhaa ya jaji mwenyewe, kuagiza Jaji wa Rufani aliyefikia umri huo aendelee. Profesa Juma alitimiza miaka 65 Juni 2023 na akaendelea hadi 2025. Baadhi ya wanasheria walihoji kama ruhusa hiyo inamhusu pia Jaji Mkuu, ambaye muda wake umewekewa masharti katika ibara yake ya peke yake. Wengine walijibu kwamba Jaji Mkuu ni Jaji wa Rufani pia na hivyo inamgusa.

Pande zote mbili zilikuwa zikisoma maandishi yaleyale. Mwananchi anayetaka kuyapima mwenyewe atayapata katika Ibara za 118, 120 na 120A za Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ambayo imeandikwa kwa Kiswahili.